Maswali ya Wasomaji: Mgeni Aliyepita Bila Hodi

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zinahusu watoto na kuchati mtandaoni. Nimechagua nne. Majina ya waandishi nimeyaacha, na baadhi ya mambo ambayo yangeweza kumtambulisha mtoto nimeyaondoa kwa makusudi.

*Assalaam aleikum, Bi. Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Langoni, Lamu. Binti yangu wa kwanza ametimiza miaka 13, na baba yake amemletea simu janja kutoka Mombasa kwa sababu alifanya vyema katika masomo. Tangu aipate simu hiyo haketi nasi tena baada ya Isha. Yumo chumbani, na nikiingia skrini huzimwa. Mume wangu anataka niichukue usiku binti akiwa amelala, nisome kila kitu bila yeye kujua. Dada yangu anasema nitamvunjia mtoto heshima na kwamba afadhali nimwache. Nifuate la nani?*

Wa aleikumu salaam, mama. Naomba nianze na jambo unalolijua vizuri, kwa kuwa unaishi ndani yake. Nyumba zetu za mawe za Amu, yaani mji wa Lamu, zilijengwa na watu waliofikiri sana kuhusu nani aingie wapi. Mgeni alisimama mlangoni akapiga hodi, akakaribishwa dakani, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, akaketi kwenye baraza za mawe. Akiwa mtu wa kuaminika zaidi alipelekwa sabuleni, chumba cha wageni. Kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, kilikuwa cha watu wa nyumbani, na ndani kulikuwa ndani kweli. Katika kila hatua palikuwa na mtu wa kuitika na kuuliza: ni nani, na ana haja gani? Simu ya binti yako haina daka. Mtu aliye Nairobi, au Ulaya, au nyumba ya tatu kutoka kwako, anaweza kufika hadi kitandani kwa mtoto usiku wa manane bila mtu mzima yeyote kusikia sauti yake. Kazi iliyo mbele yako na mumeo ni kuijengea simu hiyo daka, na binti mwenyewe awe miongoni mwa wajenzi.

Kwa sababu hiyo siungi mkono kusoma kwa kuvizia. Siku atakapogundua, naye atagundua, atafungua akaunti nyingine usiyoijua au atatumia simu ya rafiki yake, na hapo utakuwa umefungiwa nje kabisa. Tena fikiria utafanya nini ukikuta jambo baya: utamwulizaje bila kukiri kwamba ulimpekua? Lakini dada yako naye ana nusu ya haki tu. Mtoto wa miaka 13 anastahili heshima, na sehemu ya heshima hiyo ni kutoachwa peke yake na watu wazima asiowajua. Mwambie waziwazi, mbele ya baba yake, kwamba simu ni yake kuitumia, ninyi ni walezi wake, mtaiangalia mara moja kwa wiki naye akiwa ameketi pamoja nanyi, na kadiri anavyokua na kuonyesha busara ndivyo mtakavyoiangalia kwa nadra zaidi. Anayejua kwamba ataangaliwa, na anajua siku na sababu, hana haja ya kuzima skrini mlango unapofunguliwa.

Kuna kanuni moja ya nyumbani ambayo naithamini kuliko programu yoyote ya ulinzi. Simu zote za nyumba, ya baba ikiwemo, zilale kwenye kidaka kimoja, yaani shubaka la ukutani, cha ukumbini kuanzia saa tatu za usiku, na huko ndiko zichajiwe. Nasisitiza ya baba, kwa kuwa mtoto anayemwona mzazi akisoma simu hadi saa sita hawezi kuamini kwamba kanuni hii ni ya usalama. Ataiona kuwa ni adhabu ya wadogo. Mazungumzo mabaya hupenda saa ambazo watu wamelala, na mtoto mwenye usingizi hupima mambo vibaya.

Baada ya hapo ketini jioni moja mfungue mipangilio pamoja. Katika WhatsApp, ambayo inataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, ingieni sehemu ya faragha na mweke kwamba picha yake, hali yake na saa aliyoonekana mara ya mwisho zionekane na watu aliowahifadhi tu. Muhimu zaidi ni kipengele kinachoamua ni nani anaweza kumwingiza katika kikundi. Kisipobadilishwa, yeyote mwenye namba yake anaweza kumtia katika kikundi cha mamia ya watu, na kila mmoja humo ataiona namba hiyo. Kipo pia kipengele cha kunyamazisha simu kutoka kwa namba zisizojulikana, kiwasheni. Kisha angalieni orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kwa kuwa mtu aliyewahi kuishika simu hiyo kwa dakika chache anaweza kuwa anasoma ujumbe wake kutoka kwenye kompyuta.

Akiwa na TikTok, mwulize aliandika mwaka gani wa kuzaliwa. Swali hili wazazi wengi hulipita, nalo lina uzito mkubwa. Mtumiaji wa chini ya miaka 16 katika TikTok hapewi ujumbe wa moja kwa moja, na akaunti yake huanza ikiwa ya faragha. Lakini mtoto aliyejiandikisha kuwa ana miaka 20 ili aonekane mkubwa amejivua ulinzi huo kwa mkono wake mwenyewe, na programu inamchukulia kama mtu mzima. Umri wa kweli urudishwe, hata kama itabidi akaunti ifungwe na kufunguliwa upya.

Mwisho, mweleze jinsi mdanganyifu anavyofanya kazi, kwa maneno ya kawaida na bila kumtisha. Mtu wa namna hiyo haanzi na ubaya. Huanza na sifa: una sauti nzuri, una akili kuliko wenzako, wazazi wako hawakuelewi kama ninavyokuelewa mimi. Humhamisha mtoto kutoka mahali penye watu wengi, kama maoni ya video au uwanja wa mchezo, hadi mazungumzo ya wawili. Huuliza maswali yanayoonekana madogo: unalala na nani, baba hurudi saa ngapi, simu huangaliwa na nani? Humtumia bando, au shilingi mia mbili, ili deni lizaliwe. Kisha husema neno ambalo ningependa kila mtoto wa pwani alitambue anapolisikia: usimwambie mtu. Mwambie binti yako kwamba mtu mzima anayemwomba mtoto amfichie siri dhidi ya wazazi wake ameshajitambulisha, hata kama bado hajaomba kitu kingine. Na mwahidi, kisha uitimize ahadi hiyo kwa gharama yoyote, kwamba siku atakayokuja kukuambia hutamnyang'anya simu kwa sababu amesema.

*Bwana/Bi. Mshauri, mimi ni baba, ninaendesha tuktuk hapa Malindi. Mwanangu wa kiume ana miaka 15. Alijuana na "msichana" katika mchezo wa simu, wakahamia WhatsApp, akatumiwa picha chafu na yeye akatuma yake. Siku hiyohiyo akaambiwa atume pesa, la sivyo picha ingepelekwa kwa wanafunzi wenzake. Alichukua shilingi 2,000 kwenye akiba ya mama yake akazituma kwa M-Pesa. Sasa anadaiwa 5,000. Alimweleza mjomba wake, na mjomba akaniambia mimi. Nakiri kwamba nilimpiga na kumnyang'anya simu, na tangu juzi hasemi na mtu wala hali vizuri. Baadhi ya maneno aliyoandikiwa yanaonyesha kwamba mtu huyo anaujua mtaa wetu. Wazee wa ukoo wanasema tumtafute kimyakimya tumalizane naye, tusipeleke aibu yetu kituoni.*

Ndugu yangu, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, weka gazeti chini uende kwa mwanao. Keti karibu naye umwambie kwamba ulikosea kumpiga, kwamba yeye ametendewa uovu na mtu mwingine, na kwamba kuanzia sasa shida hii ni yako kuibeba. Asilale peke yake siku hizi. Mtoto aliyetishiwa hivi huweza kuona kwamba maisha yake yamekwisha. Akitamka neno lolote la kutaka kufa au kutoweka, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo na msimwache bila mtu wa karibu hata kwa muda mfupi. Mambo mengine yote ninayoyaandika hapa yanaweza kungoja saa moja. Hili haliwezi.

Nasema kwa uchungu kwamba kipigo kilimsaidia mhalifu. Sitaki kukuongezea mzigo. Nataka uone jinsi mtego huu ulivyotengenezwa. Picha peke yake haina nguvu ya kumtoa mtoto pesa. Kinachomtoa pesa ni hakika aliyonayo kwamba baba akijua, mambo yatakuwa mabaya kuliko kulipa. Wanaofanya uhalifu huu wanaijua hofu hiyo na wanaitegemea kabisa, nao huwawinda sana wavulana wa umri wa mwanao kwa kujifanya wasichana. Mwanao, pamoja na hofu yote hiyo, alikwenda kwa mjomba wake. Alikuwa na haya, alikuwa amechukua pesa za mama, na bado akaenda kusema. Mwambie kwamba umeuona ujasiri huo.

Sasa ya kutenda. Msitume hata shilingi. Aliyelipwa mara moja amejua kwamba hapo pana mtu wa kulipa, ndiyo sababu 2,000 zimezaa 5,000. Msijibizane naye, msimtishe, na wewe usijifanye mtoto ili umtege. Kazi hiyo waachieni wapelelezi. Usiivunje simu na usifute chochote. Yaandikeni pembeni namba aliyotumia, jina la akaunti yake katika mchezo na katika WhatsApp, tarehe na saa, na piga picha ya skrini ya vitisho alivyoandika. Ujumbe wa M-Pesa una namba ya muamala na jina la aliyepokea. Huo ni ushahidi mkubwa. Baada ya kuhifadhi hayo, mripotini ndani ya programu yenyewe na kumbloku. Jambo moja ni la lazima: picha ya mwanao isipelekwe kwa mtu yeyote, si kwa mjomba, si kwa mwalimu, si kwa mzee wa mtaa, hata kwa nia ya kuonyesha ushahidi. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya mwaka 2018 inaiweka adhabu ya kusambaza picha za ngono za watoto kuwa hadi kifungo cha miaka 25 au faini ya hadi shilingi milioni 20, na zaidi ya sheria, kila jicho jipya linaloiona picha hiyo linamuumiza mtoto upya. Peleka simu yenyewe kituoni, uiachie polisi kazi ya kutazama.

Nenda kituo cha polisi uulize dawati la jinsia na watoto, na uandikiwe namba ya taarifa katika kitabu cha matukio. Usiondoke bila namba hiyo. Nenda pia kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Ukiona ugumu wa kuanza, piga 116, ambayo ni simu ya msaada ya watoto, haina malipo na hupokelewa usiku na mchana. Mwanao mwenyewe anaweza kuipiga akazungumza na mtu asiyemjua na asiyemhukumu, na huenda hilo likawa rahisi kwake kuliko kuzungumza nawe wiki hii. Idara ya Upelelezi wa Jinai nayo ina namba ya bure, 0800 722 203, ambapo mtu anaweza kutoa taarifa bila kutaja jina lake. Sheria iko upande wenu: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataja wazi unyanyasaji wa watoto kupitia mitandao ya kijamii, michezo ya mtandaoni na simu, na mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, mvulana kama msichana.

Kuhusu picha iliyokwisha kutumwa, ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na NCMEC, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Inafanya kazi kwa namna ambayo wazazi wengi hupata nafuu wakiielewa: picha haipelekwi popote. Inabaki katika simu yenu, na huduma huitengenezea alama ya kidijitali mfano wa alama ya kidole. Alama hiyo tu ndiyo inayopelekwa kwa kampuni zilizojiunga, zikiwemo za Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, ili picha yenye alama hiyo ikipandishwa huko itambuliwe na kuondolewa. Haiwezi kuifikia picha iliyo ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, wala iliyohifadhiwa katika simu ya mtu. Hata hivyo inaifunga njia ambayo mhalifu huitaja zaidi anapotisha, yaani kuianika hadharani. Fanyeni hivyo kabla hamjaikabidhi simu kituoni.

Nakuja kwa wazee, na hapa nitazungumza kwa heshima lakini bila kuzunguka. Wanataka sitara, na sitara ni jambo jema katika mila na dini yetu. Lakini tutazame ni nani anayesitiriwa. Kumsitiri mtoto ni kulificha jina lake, kutoitaja habari yake barazani, kumzuia shangazi asiulize maswali mbele za watu. Mkimtafuta mhalifu kimyakimya, mkampa onyo au mkapokea fidia, mtakuwa mmemsitiri yeye, na jina la mwanao bado litazunguka mtaani kwa sababu watu kumi wa ukoo watakuwa wameijua habari. Kama kweli ni mtu wa mtaa, kesho atakuwa na mtoto wa jirani.

Wala msishangae kwamba anaujua mtaa wenu. Sisi wa Malindi tumezoea kumtafuta mwovu miongoni mwa wageni wa ufukweni. Ilikuwapo sababu: ripoti ya mwaka 2006 ya UNICEF na serikali ya Kenya ilieleza jinsi watoto walivyokuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Lakini ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba Wakenya walikuwa sehemu kubwa ya wateja. Uchunguzi wa mwaka 2021 uliofanywa nchini na ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyanyasaji wa kingono wa watoto), INTERPOL (shirika la polisi wa kimataifa) na UNICEF ulikuta kwamba kati ya asilimia 5 na 13 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamepatwa na unyanyasaji mzito wa kingono unaohusisha mtandao katika mwaka mmoja, mara nyingi kutoka kwa watu wanaowafahamu, na kwamba wachache mno walifika polisi au kupiga simu ya msaada. Tunapomwambia mtoto ajihadhari na "mtu asiyemjua" peke yake, tunamwachia mlango wazi upande wa pili.

Na zile 2,000 za mama yake, mama amsamehe mbele yako. Zisitajwe tena katika nyumba hiyo.

*Mimi ni mwalimu wa madrasa karibu na Mambrui. Tuna kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 kwa ajili ya ratiba na masomo ya kuhifadhi. Hivi karibuni namba tusiyoijua iliingia kupitia kiungo tulichokuwa tumekisambaza, na wasichana wawili wakaletewa salamu za faragha. Tumemtoa. Je, inatosha?*

Haitoshi, ustadhi, kwa kuwa alipokuwa humo aliziona namba za wote na huenda amezihifadhi. Wajulisheni wazazi wote leo, wambloku na kuiripoti namba hiyo, na waketi na watoto wao kuwauliza kwa upole kama wamewahi kuandikiwa. Ikiwa ameandika jambo la aibu kwa mtoto yeyote, lipelekeni polisi.

Kisha kifungeni kikundi hicho. Wanafunzi wa miaka 11 na 12 bado hawajafikia umri ambao WhatsApp yenyewe imeuweka, na ratiba haihitaji simu ya mtoto. Fungueni kikundi kipya cha wazazi na walezi, ambamo viongozi wawili peke yao wanaweza kuingiza watu na kutuma matangazo, na msisambaze kiungo tena. Wekeni pia kanuni inayowafunga walimu: hapana mwalimu wa kumwandikia mwanafunzi faraghani, kwa jema lolote lile, ujumbe upite kwa mzazi. Najua wengi wenu ni waaminifu na neno hili linaweza kuwauma. Lakini kanuni ya namna hii inamlinda mwalimu mwema dhidi ya kushukiwa, na inamnyima mwovu kisingizio. Na picha za watoto za sherehe za Maulidi, zenye sare, jina la madrasa na majina yao, msiziweke tena hadharani. Zinampa mtu baki kila anachohitaji ili ajifanye mwenyeji.

*Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu wawili, wa miaka 9 na 11, nipo Matondoni. Mama yao yuko Saudia kikazi mwaka wa pili sasa. Alituachia simu kubwa ili azungumze nao. Mimi nasoma herufi za Kiarabu, hizi za simu hazinielei, na wajukuu wananicheka nikiuliza wanafanya nini. Barua hii ameniandikia jirani. Mimi nitawalinda kwa lipi?*

Shikamoo, bibi. Utawalinda kwa mengi, na nitaanza na yale yasiyohitaji kusoma.

Simu hiyo ni yako na ni ya mama yao. Si ya wajukuu. Ikae mahali unapokaa wewe. Wakizungumza na mama yao wazungumze ukumbini, sauti ikiwa wazi, nawe ukiwa papo hapo ukiendelea na kazi yako. Wakitaka kucheza au kutazama katuni, wakae mbele yako kwa muda utakaoupanga wewe, na simu isiingie chumbani wala isitoke nayo mtu kwenda gatini. Wakikucheka, wacha wacheke, kisha mwambie aliye mkubwa akufundishe: huyu ni nani, hapa umebonyeza nini, huyu anataka nini kwako? Mtoto anayemfundisha bibi yake huzoea kumweleza mambo, na mazoea hayo ndiyo tunayoyatafuta. Usione haya kuuliza mara tatu. Sikiliza pia sauti yao na tazama nyuso zao. Mjukuu aliyenyamaza ghafla baada ya kushika simu, au aliyepata kitu kipya asichoweza kueleza kilikotoka, utamtambua wewe kabla ya mtu yeyote anayejua kusoma skrini.

Yaliyo ya mitambo tumwachie mama yao, naye anaweza kuyafanya akiwa hukohuko Saudia. Ipo programu ya bure ya Google iitwayo Family Link, ambayo mzazi huiweka katika simu yake na kuiunganisha na akaunti ya mtoto. Kwa simu za Android, atakuwa anaidhinisha kila programu kabla haijaingia, ataweka saa ambazo simu inajifunga, na ataona muda uliotumika. Haimsomei mzazi ujumbe, na kwa hiyo haichukui nafasi yako, bibi. Lakini itazuia wajukuu kuingiza michezo na programu za kuchati wasizoruhusiwa. Atakapokuja likizo, au jirani yako mwaminifu akikubali kuketi nawe jioni moja mama yao akiwa kwenye simu, jambo hilo litakamilika. WhatsApp iliyomo ibaki ya kwako, kwa namba yako, na ndani yake zihifadhiwe namba za jamaa tu.

Lipo jambo moja linalowahusu ninyi zaidi kuliko waandishi wengine wa mwezi huu. Mtoto ambaye mama yake yuko mbali ana shauku moja kubwa, nayo inajulikana na kila mtu kijijini. Mtu anaweza kumwandikia, au kumpigia, akasema: mama yako amenituma, ana zawadi yako, njoo uichukue, au, mama amebadilisha namba, hii ndiyo mpya, usimwambie bibi kwanza tumfanyie furaha. Siku hizi hata sauti ya mtu inaweza kuigwa kwa kompyuta kutokana na sauti fupi aliyorekodi, kwa hiyo kuisikia sauti ya mama peke yake hakutoshi.

Kwa hili, bibi, wewe una silaha ambayo vijana wa kompyuta hawana. Watungie wajukuu wako kitendawili kipya, kisichojulikana mtaani, ambacho jibu lake ni la nyumba yenu peke yenu. Labda jina ulilompa mbuzi wenu wa zamani, au kitu alichokivunja mama yao alipokuwa mdogo. Yeyote atakayesema ametumwa na mama, mtoto amtegee kitendawili hicho. Asiyelijua jawabu hakutumwa, na mtoto aje kwako moja kwa moja. Mama yao atakapopiga simu Ijumaa, mfanyieni mazoezi yeye wa kwanza. Kila mtoto amtegee kwa zamu yake, naye ajibu mbele yako, na jawabu hilo lisiandikwe popote katika simu.